Nimemlilia Mjapani Akiwa Kwenye Simu

Leo nimejiaibisha Kista, hapahapa Stockholm, mchana kweupe. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (mtaani kwetu Husby hakuna siri).

Wengi mlimjua marehemu mume wangu, Baba Neema. Alifanya usafi kwenye ofisi moja ya kompyuta, Kista. Huko injinia Mjapani, Bwana Kimura, alikuwa akimpa misemo ya kwao, na jinsi Waingereza wanavyosema jambo hilohilo. Jioni ananiletea mezani kama mtu aliyeleta samaki.

"Mama Neema, Wajapani chumba kidogo wanakiita paji la uso la paka. Waingereza wanasema humo huwezi kumzungusha paka."

"Paka amewakosea nini watu hawa?"

Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Msemo wa mwisho ulikuja nusu. "Nekojita," alisema, anatabasamu peke yake. "Huu unakuhusu wewe. Natafuta kwanza Kiingereza chake, Jumatatu nitakwambia."

Jumatatu hakuamka.

Tangu hapo nalisema neno hilo nikiosha vyombo, nisilisahau. Alinisifu au alinitukana? Leo nikasikia Bwana Kimura anarudi kwao kesho. Nikavaa nguo zangu nyeusi, nikaenda.

Dada wa mapokezi akanionyesha korido. Bwana Kimura alikuwa mwishoni, amesimama. Akageuka, akaniona, akainamisha kichwa. Akainama tena. Mara ya tatu akainama hadi kiunoni, anasema maneno ya upole, sauti imejaa huzuni!

Nikasema moyoni, huyu anajua msiba. Na kwetu mtu akikujia hivyo, humwachi aomboleze peke yake. Nikamwendea mikono juu, nikamkumbatia, nikaangua kilio. Kile chenyewe cha kwetu Uvira, Kongo!

"Rafiki yako ameondoka weee! Ametuacha baba weee!"

Milango yote ikafunguka. Waswidi wamesimama na vikombe vya kahawa, hawajui waite nani.

Bwana Kimura aliganda kama nguzo. Kisha akaninong'oneza kwa Kiswidi chake kibovu (changu si bora): "Mama, samahani. Niko kwenye simu. Bosi wangu, Tokyo."

Sikioni alikuwa na kidude cheusi, kinawaka taa ya buluu. Alikuwa akimwinamia bosi asiyemwona! Na bosi kasikia msiba wetu wote.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikageuka niondoke, akanishika kiwiko. Akasema maneno machache, akakata simu, akanikalisha jikoni kwao na kuniletea chai.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ni mke wa rafiki yangu aliyefariki. Anasema pole."

Haya. Nimepewa pole kutoka Tokyo. Basi nikauliza lililonileta.

"Nekojita. Waingereza wanasemaje?"

"Hawana. Mume wako aliuliza ofisi nzima, hakupata. Ni ulimi wa paka. Mtu asiyeweza kunywa kitu cha moto." Akanitazama, akaanza kutabasamu. "Nilipomweleza alipiga meza. Alisema, 'Huyo ni Mama Neema! Chai anaipuliza mpaka watoto wanatoka shule!'"

Nami wakati huo nilikuwa nimeinamia kikombe chake, nakipuliza kwa mashavu yote mawili.

Nikacheka, na nguo nyeusi mwilini. Machozi yalikuwa bado hayajakauka.

Nanyi chekeni tu. Ila mkikutana na Mjapani anainama, mwangalieni kwanza masikio.