Mtu Mmoja Anatosha, Wanasema

Jumatatu, 3 Machi

"Chumba cha vipimo kinahitaji mtu mmoja tu, kazi nyingine yote hufanywa na mashine." Ndivyo alivyoandika mkuu wa idara kwenye tangazo la leo. Sentensi moja, makosa matatu! Kwanza, mashine haifanyi kazi, hufanyishwa. Pili, "tu" ni neno la wavivu wa hoja. Tatu, huyo mtu mmoja ni mimi, na sikuulizwa.

Ushahidi ninao. Mwenzangu, tuliyefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, alistaafu Januari. Sasa, kila mwili wa binadamu una mionzi yake kidogo, ya asili, isiyomdhuru mtu. Siku ya kwanza bila yeye nilifungua kifuniko cha madini ya risasi cha mashine yetu kubwa ya kupimia mionzi, nikapima chumba. Kipimo kilikuwa kimeshuka. Kiduchu, lakini kimeshuka! Nikampelekea mkuu grafu. Akajibu kwamba hizo ni habari njema, chumba sasa ni safi zaidi.

Safi!

Mkuu huyu tunamwita Muhtasari, maana hajawahi kufika ukurasa wa pili wa kitu chochote. Yaani tulikuwa tukimwita hivyo, mimi na mwenzangu. Sasa namwita peke yangu. Haichekeshi sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika waraka wa kurasa tisa. Nimeanza na mizani ya watu wa kale, nikaja hadi kwenye maabara yetu, ambayo hupokea sampuli za udongo, maziwa na maji kutoka nchi thelathini na mbili. Nchi thelathini na mbili, mpimaji mmoja! Nimemalizia na kidole kimoja hakivunji chawa. Nimeubandika karibu na lifti.

Hadi saa kumi jioni umesomwa na mtu mmoja, fundi wa lifti, aliyekuwa akimsubiri mwenzake. Ameniambia kwamba wao hawaruhusiwi kabisa kufanya kazi mtu mmoja mmoja. "Hatari, mzee wangu, hatari!" anasema. Lifti inataka watu wawili, na mimi kule chini nina chanzo cha mionzi!

Muhtasari naye amepita. Ameandika kwa kalamu chini ya ukurasa wa kwanza: "Chawa hatuna."

Jumatano, 5 Machi

Waraka umeshindwa. Basi vitendo.

Kila anayefanya kazi na mionzi hapa huvaa beji kifuani. Beji huhesabu mionzi aliyopata, nayo hukusanywa na kusomwa kila mwezi. Ikivuka kiwango fulani, afisa usalama lazima ashuke mwenyewe kumhoji mhusika. Lazima! Ni kanuni, wala si hisani.

Mpango: nitaiacha beji mbele ya chanzo chetu cha kusawazishia vipimo, dakika ishirini. Mimi nitakuwa nje, mlango umefungwa, salama salmini. Kiwango kitavukwa kwa unywele. Uchunguzi utauliza kwa nini hapakuwa na mtu wa pili wa kuniangalia. Nami nitakunja mikono. Kabla ya Aprili nitakuwa na mwenzangu.

Je, huu ni udanganyifu? La. Ni hoja iliyovaa koti la maabara.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiweka beji saa nne kamili. Nikapanda ngazi kunyoosha miguu, maana simu haishiki mtandao kule chini. Nilipofika juu tu, ikalia. Mdogo wangu wa kike! Hajanipigia tangu tulipobishana msibani kwa mjomba.

Kumbe alikuwa anamtafuta fundi bomba, kidole kikateleza kwenye orodha ya simu. "Kaka, samahani, si wewe niliyekutaka." Akataka kukata. Nikamuuliza bomba lina nini. Akasema linavuja. Nikamuuliza linavuja wapi. Nikamweleza mgandamizo wa maji. Nikamweleza kosa lake la kule msibani, kwa upole. Akasema sijabadilika hata kidogo, bado nashinda kila ubishi na kubaki na kiti kitupu. Nikamkosoa. Akaniuliza nimekula nini. Nilikuwa sijaulizwa swali hilo mwaka huu. Nilijibu kwa kirefu.

Dakika hamsini na tano kwenye ngazi! Mara akasema maji yamefika sebuleni, akakata.

Nikakumbuka beji.

Jumatano, 12 Machi

Beji zimesomwa. Yangu imepita kiwango, imepita kiwango cha juu ya hicho, imeendelea. Muhtasari amenipigia simu mwenyewe kuniamuru nisiguse kitu. Nimepelekwa zahanati, nikatolewa vichupa vitatu vya damu. Muuguzi ameniuliza aandike jina la nani kama mtu wa kupewa taarifa. Nimebishana na muundo wa fomu hadi akakata tamaa. Kisanduku kimebaki kitupu.

Alhamisi, 13 Machi

Siku njema kupita zote!

Afisa usalama ameshuka saa tatu. Mama makini, miwani shingoni, daftari jipya. Ameketi kwenye kiti cha mwenzangu. Ameniomba nimweleze mwezi mzima, siku baada ya siku: nilisimama wapi, nilishika nini, niliongea na nani. Nimemweleza! Alipouliza kuhusu Februari tarehe kumi nimempa na ya tisa. Nilipoona anafunga daftari nikakumbuka jambo la Januari. Tumekwenda hadi saa saba. Nilimchemshia chai mara mbili.

Mwishoni akaweka beji mezani. Amesema kwa upole kwamba mtu hutembea, huinama, hugeuka, na beji yake hupigwa na mionzi kutoka pande nyingi. Hii yangu imepigwa kutoka upande mmoja, alama zilizobaki ndani yake zimetulia kama picha ya ukutani. "Mzee wangu, hii beji haikuwa juu ya mtu."

Mzee! Nina miaka hamsini na mbili.

Nikamjibu papo hapo. Nikamwambia mimi ndivyo nilivyo, huketi sehemu moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Nigeuke nimtazame nani? Akaniuliza kama kuna shahidi. Shahidi! Nikapiga meza. Shahidi ndiye huyo ninayemdai tangu Januari!

Akafunga kalamu yake. Hakuandika. Akauliza chai ile ni ya wapi, akaaga. Nimemshinda.

Jumatatu, 17 Machi

Hukumu ya kamati ya usalama imetoka. Damu yangu haina tatizo, nina tatizo mimi. Nimeondolewa chumba cha vipimo kwa miezi mitatu, nipange majalada ya zamani kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya stoo ya karatasi.

Afisa usalama ameongeza pendekezo lake: nikutanishwe na mshauri nasaha, kila Ijumaa, nipate mtu wa kuzungumza naye. Matusi! Nimekataa kwa barua ya kurasa nne. Mimi naomba mfanyakazi, siombi huruma.

Nafasi yangu, tangu siku ile nilipoamriwa nisiguse kitu, amepewa binti wa idara ya kemia. Alimaliza sampuli za wiki nzima kufikia Ijumaa, na wanasema huimba akiwa kazini. Muhtasari ametoa tangazo jipya, mstari mmoja: "Imethibitika kwamba mtu mmoja anatosha."

Jumanne, 18 Machi

Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa moja, tena la kiufundi: beji ilifaa ifungwe kwenye feni. Ingezunguka.

Mdogo wangu sijampigia. Yeye ndiye aliyekata. Utaratibu uko wazi.

Rufaa iko tayari, kurasa ishirini na mbili, na hitimisho lake ninalinakili humu. Nanyi wajumbe watano wa kamati ya usalama, nasema nanyi! Sikubali kuhukumiwa kwa mahojiano ya saa nne. Nihojini upya. Njooni wote, na kama hamwezi wote, mje mmoja mmoja, kila mmoja na siku yake. Msiniletee muhtasari. Ulizeni kila kitu, na msiwe na haraka ya kuondoka.