Visiki Vyangu Arobaini na Miti ya Mkamwana

Kwako Bwana Mifugo,

Aibu ikufike! Salamu utazipata mwisho, ukizistahili. Unavaa buti za mvua mpaka kiangazi, unawagawia watu miche ya miti ya malisho ya mbuzi, kisha unawaacha wahangaike. Shule niliishia darasa la pili, lakini kulalamika najua. Nimeweka namba usije ukapotea.

1. Ulisema miti isikatwe mpaka ipite kimo cha mtu. Mtu gani? Hukusema. Mimi nikapima kwa mtu aliyekuwa karibu, yaani mimi mwenyewe, na mgongo wangu, kama unavyojua, umeshainama. Ilipogusa kilemba changu nikaikata yote arobaini, chini kabisa, kama kichwa kinavyonyolewa, maana kazi nusunusu siipendi. Imekauka. Miti yenye adabu ingechipua.

2. Mkamwana wangu ana miti ishirini tu ukingoni mwa shamba. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba anapanda kuni za kuchemshia mawe. Yeye akapima kwa mumewe, yule mrefu niliyemzaa mimi, akakatia juu ya goti. Sasa anakata, inachipua, anakata, inachipua. Huo si ukulima, ni kiburi.

3. Mbuzi wangu ana mimba na nyasi zimekwisha. Kila asubuhi anachungulia hori tupu, ananitazama, halafu anageuza shingo upande wa kwa mkamwana na kulia. Majirani wanasikia. Mnyama niliyemlea kwa mikono yangu ananisengenya mchana kweupe!

4. Hili ndilo baya zaidi. Mkamwana, badala ya kunicheka kama mtu mwenye akili zake, ananiletea mzigo wa majani. "Shikamoo mama, haya yamezidi kwetu." Yamezidi! Kuchekwa ningevumilia. Heshima ya namna hii inachoma.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, uandike barua yenye muhuri kwamba miti yake ina ugonjwa, ing'olewe yote, tubaki sawa. Mkutanoni ulisema wewe mwenyewe kwamba usawa ndio maendeleo. Mbuzi atataabika kidogo, lakini nyumba itapata amani.

Msalimie mkeo, msalimie mama yako aliyekuzaa asikufundishe kufafanua mambo, na wote wa ofisini, hata yule anayesinzia mlangoni.

Ni mimi,
Bibi mwenye kisu kikali na pupa.

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, mbuzi amezaa mapacha, wote majike, na kiwele kimejaa. Ni majani yale. Mmoja alikuja vibaya. Mkamwana ndiye aliyemvuta, mimi nilishika pembe tu na kulia. Nimemwambia achague mtoto mmoja awe wake. Amesema kwanza anifundishe kukata.

Basi usithubutu kugusa miti yake. Jumatatu lete miche mingine arobaini, uishushe kwake, si kwangu. Atakuja kunipandia yeye. Na ukinikuta nimeshika panga karibu nayo, ninyang'anye.