Njano ya Maendeleo Katika Banda la Shukri Devi

Mheshimiwa Waziri Mdogo wa Mimea Dawa, ambaye hakuweza kufika na anawakilishwa hapa mbele na kiti chake chenye taulo jeupe. Mheshimiwa Katibu wa Mheshimiwa, anayewakilishwa na simu yake. Bwana Mwenyekiti wa kijiji, Gumat Ram. Msemaji wa mungu wa kijiji. Mungu wa kijiji mwenyewe, popote alipo, itifaki izingatiwe. Kinamama wa kikundi cha kusuka. Wazee wenye kofia, wazee waliosahau kofia. Wanafunzi mliosimamishiwa masomo leo ili mje kunipigia makofi. Mabibi na mabwana. (Makofi. Wanafunzi hawaachi mpaka mwalimu awakate kwa jicho.)

Mimi, Dhaneshwar Katoch, Kaimu Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Kilimo cha Ndani ya Nyumba, mtu ambaye angeweza kabisa kukaa ofisini karibu na hita yake, nimepanda milima kwa saa nne na nusu, nimetapika mara mbili kwenye kona, na bado nimefika nikiwa nadhifu. (Dereva anaitikia kwa kichwa. Ya kutapika ni kweli.)

Kwanza niwashukuru kwa viatu hivi vya nyuzi mlivyonivika pale langoni, maana najua ngozi haikanyagi ua wa hekalu lenu, na viatu vyangu, ambavyo ni ngozi halisi, nimemwachia dereva. Hivi ni vipya, vina joto, vimenikaa kama mguu wangu ulipimwa. Tena naona kinamama wote mna vipya. Hicho ndicho tunachokiita kupanda kwa hali ya maisha ya mwananchi wa chini. (Kinamama wanatazama vidole vyao. Mmoja anajiziba mdomo kwa shela.)

Nikija kwenye mada. Ndugu zangu, nimekuja kutoa taarifa ya kina, ya kisayansi na ya kimkakati juu ya afya ya mimea yetu sitini na miwili ya bangi ya dawa, iliyomo katika kituo chetu cha ndani, yaani lile pale, banda la Mama Shukri Devi. Nchi nyingine wanaolima mmea huu ndani ya nyumba wana taa za rangi ya waridi, wana feni, wana mashine ya kupima uchachu wa maji. Sisi tulikuwa na banda, na tulikuwa na mimi. (Makofi ya watu watatu.)

(Shukri Devi, mjane, mwenye banda, anasimama. Anasema mlango wake umefungwa kwa lakiri ya serikali tangu mwezi wa mvua, ng'ombe wake amebakiza siku za kuhesabu azae, na theluji imeshakaa kwenye ule mgongo wa mlima pale, kila mtu anaiona. Anauliza banda anarudishiwa lini.)

Mama, hoja yako imepokelewa na imo ukurasa wa kumi na moja. Niko ukurasa wa pili.

Wataalamu wetu walipoitembelea mimea hiyo mara ya kwanza, na kwa kuwa lakiri haivunjwi ovyo, waliitazama kupitia lile tundu la kutolea samadi, mmoja mmoja, kwa foleni, wakagundua kwamba majani ya chini yamekuwa ya njano. Kwa mtu asiyesoma, njano ni njano. Kwa sisi wenye wokshopu, majani ya chini yakitangulia kugeuka njano, mmea una njaa ya naitrojeni, unanyang'anya watoto wa chini ili ulishe wa juu, jambo ambalo sisi maofisini tunalielewa vizuri. (Kicheko. Mheshimiwa Katoch anadhani amechekesha kwa kukusudia.) Nikaagiza mbolea. Ikamiminwa kwa tundu hilohilo, magunia manne.

Wiki tatu baadaye, kingo za majani zikawa kahawia na kukakamaa kama papadi. Kamati ya pili ikasema ni potasiamu. Tukamimina potasiamu. Kamati ya tatu ikaona njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani kijani, kama mito kwenye ramani, ikasema hiyo ni magnesiamu, msibishane. Hatukubishana. Tukamimina.

(Shukri Devi anasema majani makavu ya ng'ombe yaliyoko darini kwake nayo yana rangi hiyohiyo, na hajawahi kuyaitia kamati.)

Ukurasa wa kumi na moja, Mama. Alikuwepo pia kijana mmoja mtaalamu, ambaye tumeshamhamisha, aliyedai kwamba kabla ya kuongeza mbolea yoyote lazima tupime maji ya chemchemi, kwani maji yenye chokaa nyingi huufunga mzizi mdomo, mmea ukafa njaa huku chakula kiko mezani. Na akasema ukizidisha mbolea unaunguza kingo za majani halafu unadhani ni njaa nyingine. Maneno mazuri. Kisha akaharibu. Akaomba aione mizizi. Nikamweleza kwa upole kwamba suala la mizizi tumeliweka katika awamu ya pili. (Gumat Ram, mwenyekiti, anakohoa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe.)

Hatukupuuza mila. Tulimwendea Msemaji wa mungu wenu, akatetemeka, nywele zikamfumuka, mungu akanena kwa kinywa chake maneno matatu tu: "Lisheni chenye mdomo." Kauli nzito. Tukamimina magunia mengine mawili.

Na matokeo, ndugu zangu, yanaongea. Mwezi wa kwanza njano ilikuwa asilimia arobaini. Wa pili, sabini na tatu. Leo nasimama hapa kifua mbele kutangaza kwamba njano imefika asilimia mia moja, na hakuna mradi mwingine wilaya nzima uliowahi kufika mia kwa jambo lolote. (Makofi. Wanafunzi wameambiwa.)

Mmea huu si mgeni kwenu. Unajiotea nyuma ya kila choo cha bonde hili, bila taa wala kamati. Ndiyo maana kila mwaka mvua zikija, idara yangu hiihii huwatoa nyinyi na watoto wenu kwenda kuung'oa kando ya barabara, na wakubwa wakaona ni busara idara iliyobobea katika kung'oa ndiyo ipewe kazi ya kukuza. Bibi zenu walichuna nyuzi za shina lake wakasokota viatu. Huo ni upeo mdogo. Sisi tutatibu wagonjwa.

Sasa, ukurasa wa kumi na moja. Banda la Mama Shukri Devi, kutokana na mafanikio haya, litaendelea kufungwa kwa miaka mitatu zaidi. (Ng'ombe aliyefungwa nje ya ukuta wa ua analia, mara moja, kwa sauti ya chini.)

("Bwana mkubwa," anasema Shukri Devi, "mimi sina miaka mitatu. Ng'ombe wangu hana hata wiki tatu. Kama humo ndani mna mradi, ufungue, ukionyeshe kile kiti cha waziri. Ukiwepo, nitamlaza ng'ombe jikoni kwangu na sitafungua kinywa tena." Gumat Ram anasema hilo ni sawa. Wazee wanasema ni sawa. Msemaji wa mungu anasema mungu naye anaona ni sawa.)

Mimi si mtu wa kuogopa uwazi. Dereva, kisu. (Wote wanasogea hadi bandani. Lakiri inavunjwa. Mlango unafunguliwa. Ndani kuna kilima cha mbolea kimekaa chini ya lile tundu, na kwenye boriti zinaning'inia kamba sitini na mbili zisizo na kitu. Mheshimiwa Katoch anaangalia juu. Anaangalia chini.)

("Mliingizia mbolea kwenye tundu," anasema Shukri Devi, "sisi tukatolea mashina kwenye tundu. Majira ya baridi hayangoji awamu ya pili. Mengine umeyavaa wewe, bwana mkubwa." Kinamama wote wananyoosha miguu yao. Mtu mmoja kaenda kumfungua ng'ombe, haijulikani nani. Ng'ombe anampita Mheshimiwa Katoch bila salamu, anaingia bandani kwake, analala.)

Ndugu wananchi. Kama mlivyojionea, mradi umeshawafikia walengwa kwa asilimia mia moja, kuanzia chini. Na upungufu uliokuwamo bandani tumeubaini leo, nao ulikuwa ni ng'ombe, na umerekebishwa chini ya uongozi wangu. Lakiri haitarudishwa. (Makofi, ya kweli sasa, ya kwanza leo.)

Kilimo cha ndani! (Wanafunzi: Juu! Juu kidogo.) Sayansi kwanza! (Wanafunzi: Kwanza!) Mizizi baadaye! (Wote, kwa furaha kubwa: Baadaye!)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mheshimiwa, kupitia kiti chake. Na kwa namna ya pekee namshukuru karani wangu, Bwana Nokhu Ram, ambaye barua ya makao makuu ilipouliza wilaya ina mimea mingapi ya bangi iliyomo ndani ya nyumba, alikwenda kuihesabu kwa uaminifu ile tuliyoing'oa barabarani na kuining'iniza kichwa chini katika banda hili ikingoja kuchomwa moto, akajibu: "Sitini na miwili, yote imo ndani, haina mizizi." Mimi, kwa kubana wino, nikafuta maneno mawili ya mwisho. Asanteni sana. Dereva, viatu vyangu.

("Ondoka navyo hivyohivyo, bwana mkubwa," anasema Shukri Devi kutoka bandani, mkono wake ukiwa mgongoni mwa ng'ombe. "Huko kwenye kona kuna baridi.")