Amri ya Chifu Bare Yafika kwa Maka

Yakub alianza kupiga kelele kabla hata hajazima pikipiki. "Wazee, tumepigwa marufuku! Chifu Bare ametufunga!"

Benchi lao liko nje ya kibanda cha chai cha Maka, karibu na soko la mifugo la Garissa, na hapo hakuna anayeitwa kwa jina la kitambulisho. Yakub ni Yakub Redio, kwa kuwa habari humfikia yeye kwanza, ziwe za kweli au za kupikwa. Aliyekaa katikati ni Kerrow Katiba, mkalimani mstaafu wa mahakama, mtu asiyeweza kuomba sukari bila kutaja kifungu cha sheria. Kando yake ni Abdow Mapengo, dalali wa ngamia kutoka Liboi, ambaye ulimi wake haujawahi kupatana na p wala v. Na pembeni kabisa, tako moja likiwa hewani, ni Abshir Sawasawa. Jina hilo alilipata kwa sababu hajawahi kumwambia binadamu yeyote hapana.

Siku hiyo Abshir alikuwa akitoka jasho la peke yake. Ndani ya shati alikuwa amevaa kizibao cha kijani kinachong'aa, na mfukoni alikuwa na filimbi. Asubuhi Chifu Bare alimwita akamwambia, "Kuanzia leo wewe ni mkono wangu pale kwa Maka," naye, kama kawaida yake, akajibu sawa. Benchini hakuna aliyejua. Mkewe Hinda, mama Hani, alijua, na tangu asubuhi alikuwa akizunguka sokoni akiwaambia wanawake kwamba nyumba yake sasa ina serikali ndani.

"Soma," Kerrow akaamuru.

Yakub akaisogeza simu puani. "'Kwa sababu za usalama, vibanda vyote vya chai vifungwe baada ya swala ya alasiri. Atakayekaidi atajijua.' Ameituma kwa grupu ya simu ya lokesheni, eneo lake lote la uchifu. Halafu manze, amefunga grupu! Ni yeye peke yake anaweza kuandika."

"Huo ndio udikteta wenyewe!" Kerrow akapiga goti lake. "Msimtafute dikteta kwa bunduki. Mtafuteni kwa kufunga mahali pa kujibu."

"Usalama gani?" Abdow aliuliza. "Kuna benchi na fikombe tu. Sisi tutabindua serikali na kijiko?"

"Ni maneno yenu, mzee," Yakub akasema. "Juzi si mlisema tangi la maji la umma liko ndani ya ua wake?"

"Hatukusema. Tuliuliza," Kerrow akamsahihisha.

"Mliuliza mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia."

Kerrow akanyoosha kidole juu, na wote wakajua somo limeanza. "Sikilizeni. Hakuna mamlaka isiyo na mpaka. Rais ana bunge mbele na mahakama nyuma. Gavana ana wawakilishi wa wadi. Je, chifu ana nani wa kumzuia?"

"Ana mama mkwe," Abdow akajibu.

Benchi zima likacheka hadi chai ikamwagika. Chifu Bare alikuwa amemwoa Ramlo, binti wa Maka, na kwa watu hawa mkwe mpya hamtazami mama wa mkewe machoni. Hakai naye, hali chakula mbele yake, na akimwona njiani hutafuta njia nyingine.

"Wiki jana nilimwona kwa macho yangu," Abdow akaendelea. "Maka aliingia duka, na chifu alikuwa ndani. Wallahi, aliruka nyuma ya magunia ya mchele! Serikali nzima, na kofia yake, imejificha kama banya!"

"Ana adabu huyo, mwacheni!" Maka akafoka kutoka kibandani.

"Basi hawezi kuja kufunga hapa mwenyewe," Yakub akasema.

"Hawezi," Kerrow akakubali, kisha akashusha sauti. "Na hapo ndipo penye siri ya madikteta wote duniani. Dikteta ana mdomo tu. Mikono huazima. Nawaambia, huyu Bare ametafuta mtu."

"Msee gani anaweza kukubali kazi kama hiyo?" Yakub akauliza.

"Mwenye njaa ya heshima."

"Mtu hana aibu," Abdow akasema. "Mtu amekunywa chai ya Maka miaka yote, halafu anakuja kumfungia? Huyo si mtu. Huyo ni kufuli na miguu."

"Abshir, wewe unaonaje?" Kerrow akamgeukia.

"Sawa," Abshir akasema, akifunga kifungo cha juu cha shati.

Maneno hayo yalimchoma kweli. Tangu ukame umalize mbuzi wake, hakuna aliyemwomba kitu chochote isipokuwa asogee kidogo. Kile kizibao kilikuwa kitu cha kwanza serikali kumpa tangu azaliwe, na alipokivaa mbele ya Hinda, mke alimtazama kama alivyomtazama siku ya harusi. Sasa mtu atakivuaje?

Adhana ya alasiri ikatoka. Wakaenda kuswali, wakarudi, wakakaa palepale. Maka akawamiminia chai mpya ya maziwa ya ngamia. Mara gari la chifu likasimama mbali kidogo, vioo vimepandishwa, likapiga honi moja fupi. Abshir akainuka, akafungua vifungo vya shati, akapuliza filimbi mpaka mbuzi wa sokoni wakatawanyika.

"Kwa amri ya Chifu... hapa kumefungwa."

Abdow akakitazama kizibao juu mpaka chini. "Kumbe mkono ndio huu."

"Abshir," Kerrow akasema kwa huzuni, "hukuweza kusema hapana hata mara moja?"

"Nilikuwa nimeshasema sawa."

Maka akatoka nje akifuta mikono, na gari la chifu likarudi nyuma kwa kasi likatokomea. "Serikali imesema nifunge?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Akatoa vitu vyake, akafunga mlango, akatia kufuli. Abshir akashangaa. Kumbe kutawala ni rahisi hivi! Kifua kikamjaa, na kwa mara ya kwanza akatamani kuongeza amri nyingine.

Abdow akashika benchi upande mmoja. "Yakub, shika huko."

"Tunaenda wapi?"

"Tunahama. Baba yangu hakubigana na ukame hata siku moja. Ukame ilikuja, yeye alifungasha."

Wakavuka lami na benchi lao, Maka nyuma yao na jiko na chupa za chai. Walipofika ng'ambo Kerrow akaruka kwa furaha kama kijana. "Huku ni lokesheni nyingine! Huku Bare ni raia tu!"

Abshir akapuliza filimbi. "Mnavunja amri!"

"Tunaitii!" Kerrow akamjibu. "Huko kumefungwa, na sisi hatuko huko!"

Hapo ndipo Hinda alipofika na rafiki zake wawili, aliowaleta waje kuona serikali ikifanya kazi. Akamkuta mumewe amesimama peke yake juani.

"Watu wako wako wapi?"

"Wale kule."

"Na huku unamtawala nani?"

Abshir akatazama mlango uliofungwa na mchanga uliobaki na alama za miguu ya benchi. Hinda akajifunga shungi vizuri, akawashika rafiki zake mikono, akavuka barabara. Maka akampa kikombe. Harufu ya iliki ikavuka lami ikamfikia Abshir.

"Hinda!" akaita kwa sauti ndogo. "Basi niletee kikombe kimoja."

Hinda akapuliza chai yake, akanywa funda, akamjibu kwa upole:

"Baba Hani, huko chai ni marufuku. Nikikuletea, itabidi ujikamate."