Vipanga wa Jengo la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Vipanga wanalea makinda juu ya mahakama ya zamani. Jengo la shemeji! Kaka wa mke wangu, mtunzaji ambaye hata ngazi hafagii mpaka akumbushwe. Mimi natunza mnara wa saa, ng'ambo ya barabara, mrefu kuliko wake, mkongwe kuliko wake. Hakuna ndege wa maana aliyewahi kunitupia jicho. Kwake watu wamejaa na darubini. Mmoja akaniomba nisogee, eti namziba. Nisogee! Nikasogea.

Jumanne, 4 Machi
Nitawahamisha. Nimepandisha sanduku juu ya mnara, nikatandika changarawe, nikaweka na nyama. Mke wangu akauliza kitoweo kiko wapi. Nikamjibu kimekwenda kazini. Tukala mboga tupu. Zilikuwa tamu, kusema kweli.

Jumatano, 5 Machi
Sandukuni wamehamia njiwa. Njiwa! Shemeji akapaza sauti toka ng'ambo, akanipongeza kwa kuanza kufuga kuku. Umati ukaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, ila kwa ndani.

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Kipanga jike kanitembelea! Kashuka kama jiwe, kanyakua njiwa, akamnyonyoa juu ya mnara wangu. Manyoya yakaninyeshea kichwani. Wenye darubini wote wakavuka barabara kuja kwangu. Kisha ndege akabeba nyama, akarudi kwa shemeji. Watu nao wakarudi. Kumbe mimi jiko, yeye sebule.

Ijumaa, 7 Machi
Leo kinda mmoja kajaribu kuruka. Upepo ukamleta moja kwa moja dirishani kwangu. Akatua juu ya kabati, akanikodolea macho. Kipanga wangu mwenyewe! Nikafunga dirisha. Nje mama yake akawa anazunguka mnara akilia. Mara shemeji huyo, pumzi juu, kiatu mguu mmoja. Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Shemeji, nakuomba, usimuumize." Sikujua anawapenda kiasi hicho.
Nikamfunika kinda kwa koti langu. Akanichana mkono vizuri sana. Tukapanda naye mpaka paa la mahakama, tukamrudisha kwao. Halafu tukanywa chai palepale ngazini, tukiwatazama. Shemeji akasema nina mikono mipole. Ngazi zilikuwa chafu. Nikazikalia hivyohivyo. Siku njema kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia mke wangu nimetubu: ndege wa watu niwaache kwa watu. Akafurahi sana.
Mchana nikapata habari kwamba bundi wamezalia kwenye kuba la maktaba, na mtunza maktaba anaringa hasemeki. Bundi hufuata panya. Kwa hiyo nimemwaga mahindi kwenye ngazi za mnara, toka chini hadi juu, kuwakaribisha panya.
Shemeji ndiye aliyenisaidia kubeba gunia.