Seli Zangu Zinakula Vizuri Mno

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo la asubuhi limenikata maini. Mikataba miwili inaisha, utakaoendelea ni mmoja. Wangu au wa Dada Glavu, mwenzangu wa maabara. Profesa amesema tarehe 14 ataanza kujaribu dawa. Mwenye vipande bora siku hiyo ndiye atakayebaki.

Kwa atakayeisoma shajara hii nikishakuwa maarufu: vipande ni saratani ya utumbo mpana tunayoiotesha wenyewe. Seli za uvimbe katikati, seli zenye afya za utumbo pembeni, zote ndani ya ute mzito, zijione ziko tumboni mwa mtu. Kila kipande ni kidogo kuliko kifungo cha shati. Tunavilisha maji mekundu na kuvifungia kwenye kabati la joto. Dawa tunavijaribia hivyo kwanza, mgonjwa asiumie bure.

Dada Glavu hubadilisha glavu kila akipiga chafya, hata akiwa koridoni. Hana haraka na chochote. Nitamwacha mbali!

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kumlainisha Profesa kwa mkate wa moto kila asubuhi. Mke wangu amesema sawa, ila atakayeukanda ni mimi. Nimeamka alfajiri, nimekanda mpaka jasho likanitoka, nimekimbilia kazini na sweta lile lile, unga hadi kwenye viwiko.

Profesa alikula vipande vitatu vya mkate. Akafuta mdomo, akamuuliza Dada Glavu seli zake zinaendeleaje. Mimi sikuulizwa hata hali ya watoto.

Alhamisi, 6 Machi

Mkate siku ya tatu. Mpango wa pili umeanza pia: kulisha mara mbili kwa siku na kuchungulia mara kwa mara, ili seli zijue zina mwenyewe. Dada Glavu alinifuata akaniambia nimefungua kabati mara kumi na moja tangu asubuhi. Kumbe anahesabu! Nilimjibu kwamba wengine tunaipenda kazi yetu. Alinitazama, akachukua trei yake ya vipande akatoka nayo. Wivu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Maji ya vipande vyangu yamegeuka manjano. Maji yakiwa manjano maana yake kuna mtu amekula. Yangu ni manjano kama kiini cha yai!

Profesa yuko kwenye mikutano hadi Jumatano. Nilikuwa napasuka kwa habari, nikamwambia mzee dereva. Huyu ndiye aliyekatwa uvimbe mwezi uliopita akaruhusu kipande kije kwetu. Seli zote tunazootesha zimetoka kwake. Kila akija kliniki hupita dirishani kwetu kuulizia "abiria wake". Nilimwambia abiria anakula kuliko wote. Alicheka, akasema afadhali kati yao wawili mmoja ana hamu ya chakula. Kisha akasema mdogo wake naye amekutwa na ugonjwa huo huo, na dawa aliyoanzishwa haimsaidii. Akaniomba niwatunze abiria wake. Nilimwambia asiwe na shaka, wako mikononi mwangu.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Profesa amerudi. Nilimwita kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi. Aliinamia darubini. Akamwita Dada Glavu, naye akainama. Halafu Dada Glavu akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, kama sweta hili ndilo ninalokandia mkate.

Hamira! Siyo saratani iliyokuwa inakula, ni hamira! Nilichungulia mwenyewe: vijiyai vinavyochipua vijiyai vingine, vimejaa kila mahali, vimenona. Seli za mzee kwenye vipande vyangu zimekufa zote. Vipande ishirini na vinne vimekwenda kwenye ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu, na kuvimwaga nimevimwaga mwenyewe.

Vya Dada Glavu ni vizima. Tangu Alhamisi ile alivihamishia kwenye kabati la joto la zamani lililoko stoo.

Nililia kwenye chumba cha makoti. Nilimlilia mzee na mdogo wake. Baadaye kidogo niliulilia mkataba.

Ijumaa, 14 Machi

Dawa zimeingia saa nne, kwenye vipande vya Dada Glavu. Mkataba ni wake. Profesa amenipa miezi mitatu ya kuosha chupa, kwa sharti moja: kabati lolote lenye kitu hai nisiliguse. Nimeapa mbele ya wote wawili.

Mzee alipita. Nilitaka kujificha, ila alishaniona. Nikamweleza yote. Alicheka hadi akashika mshono. Kisha akaacha kucheka, akauliza kama kuna zilizobaki. Nilimwambia zipo, na anayezitunza ni hodari kuliko mimi. Ilinitoka kwa shida, lakini ni kweli. Alinishika mkono akasema, mwanangu, basi nakuomba ukae mbali nazo. Nilimwahidi kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeosha chupa mia moja na arobaini. Mtu mpya kabisa. Mkate nimeacha, hamira sitaishika tena maisha yangu yote.

Nilipokuwa narudisha chupa stoo nilitupia jicho kwenye kioo cha kabati. Jicho tu, sikugusa. Vipande vimenyong'onyea. Dawa imevichosha, na Dada Glavu anavilisha siku moja, anaruka siku moja! Mtu anapigana na ugonjwa halafu anakula kwa zamu? Na mdogo wa mzee anasubiri majibu.

Dada Glavu hutoka kula saa saba. Ufunguo wa kabati hutundikwa nyuma ya mlango. Nyumbani tuna asali safi kabisa, haijawahi kuota chochote. Kesho nawapelekea abiria kijiko kimoja tu.