Risiti Saba za Ukumbi Wetu

Jumatatu, 6 Oktoba. Kibondo.
Esteri Niyonsaba kapigiwa makofi kikaoni. Mimi Nurudini, mhasibu msaidizi hapa Wakala wa Nyuki wa serikali miaka kumi na moja, sijawahi kupigiwa hata kofi moja. Yeye kahamia kutoka tawi la Kasulu mwezi wa nane tu! Kafanya nini? Kawaeleza wakubwa kwamba ukumbi wetu tukiukodisha kwa harusi, serikali au si serikali, lazima tutoze VAT na kuipeleka, kama mfanyabiashara yeyote. Basi! Hilo hata mbuzi wa Kitahana wanalijua. Mkurugenzi wetu, Mzee Ildefonsi, akasema huyu dada ni kichwa. Na nafasi ya mhasibu mkuu iko wazi tangu Nkunzimana astaafu. Nimekitazama hicho kichwa. Cha kawaida kabisa.

Jumanne, 7 Oktoba.
Asubuhi kanisalimia kwa Kiha, mwakeye kaka Nuru. Nikaitikia kwa meno ya mbele tu. Kaletewa kiti kinachozunguka. Changu nimekifunga kwa mpira wa baiskeli.
Mchana nimepekua daftari la ukumbi. Lo! Tangu Julai sisi wenyewe tumekaa humo vikao saba. Risiti hakuna. VAT hakuna. Esteri hakuona! Serikali inaiibia serikali, na kichwa kinazunguka kwenye kiti!

Jumatano, 8 Oktoba.
Jana usiku nilimdokezea mke wangu, Kuruthumu. Akaniuliza: yeye akila andazi la dukani kwake mwenyewe, anamdai nani? Nikamwambia hili ni suala la serikali, si la maandazi.
Leo nimefika ofisini kabla ya wote. Nimetoa risiti saba kwenye mashine. Muuzaji: Wakala wa Nyuki. Mnunuzi: Wakala wa Nyuki. Laki mbili kila kikao, na asilimia kumi na nane juu yake. Kodi yote 252,000! Mashine hupeleka taarifa moja kwa moja kwa watu wa kodi. Safi sana. Nakala nimemwekea Mzee mezani, na kikaratasi: "Yaliyomponyoka mwenzetu."

Ijumaa, 10 Oktoba.
Mzee kaniita. Nikavaa koti.
Akauliza polepole: "Nurudini, mimi nimekaa kwenye kiti changu, ukumbini kwangu. Nani kaniuzia?"
"Wewe mwenyewe, Mzee."
Akavua miwani. Akasema kwa watu wa kodi tayari tunaonekana tumefanya biashara, na mwezi ujao watataka chao. Mpaka jambo hili lirekebishwe, hela itatengwa kutoka fungu la chai.
Saa nne hakuna chai. Tamimu, dereva, kaniuliza mbele ya watu kama kupumua humu ofisini nako kuna risiti. Wote wakacheka, isipokuwa Esteri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba.
Esteri kaenda Kasulu kwa watu wa kodi, na barua ya Mzee mkononi. Kawaeleza kwamba mauzo yanataka watu wawili, na taasisi haiwezi kujiuzia yenyewe ukumbi wake. Wakakubali. Risiti zote saba zimefutwa. Wala hakunitaja! Kasema ni makosa ya ofisi.
Karudi na mkungu wa ndizi mbivu. Chai imerudi. Makofi tena! Mzee kamkaimisha uhasibu mkuu hapo hapo, mdomo umejaa ndizi.
Kisha kaja mezani kwangu, kanong'ona: "Kaka Nuru, una jicho kali. Tuwe tunakagua vitabu pamoja, kabla hujagusa mashine."
Machozi yalinilenga. Nikamwambia ni vumbi. Ana wema wa kuudhi huyu mtu! Ndizi zake nimekula nne.

Jumatano, 15 Oktoba.
Jana sikukuu. Nimeshinda nyumbani nikijichunguza kwa dhati, mpaka Kuruthumu akaniuliza kama naumwa. Kosa langu nimelijua. Ni mashine! Ina mdomo mwepesi.
Leo nimekaa kimya nikihesabu vijiko vya asali ya Wakala vilivyoingia kwenye vikombe vyetu. Kumi na vinne. Esteri peke yake viwili! Havijakatiwa risiti hata kimoja. Safari hii naandika barua, kwa mkono.